Kula Baada ya Mazoezi

Anayekusudia kupunguza uzito hana haja ya kushinda na njaa baada ya mazoezi. Wala jasho si idhini ya kula maradufu. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka nusu saa kando ya Carver Lake, hapa Woodbury, hutumia takriban kalori 150. Chapati moja ya mafuta huzirudisha zote. Basi na anywe maji, kisha ale mlo wake wa kawaida saa yake ifikapo: maharage au samaki, mboga tele, ugali kiasi.

Lakini mwenye kisukari atumiaye insulini apime sukari kwanza. Ikiwa chini ya 70, asingoje mlo, hata akiwa amefunga: anywe mara moja nusu kikombe cha juisi ya matunda, apime tena baada ya dakika 15.