Waliosoma Pamoja



Mmetuomba sisi wa Ilula, tuliokwenda kusoma Iringa mjini, tuseme machache juu ya umoja wa wanafunzi wa zamani. Tulikuwa watoto wa wakulima wa vitunguu na watoto wa wenye maduka. Miaka michache nyuma tusingalikaa dawati moja, kwa kuwa shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Mwaka 1962 mfumo ukawa mmoja, nasi tukaanza kuazimana kalamu.

Kisha ikaja sheria ya 1971 ya kutwaa majengo ya kupangisha. Wenzetu wengi walihamia Uingereza na Kanada. Wengine hatukuagana nao kabisa.

Tulipoanzisha chama, tulianza na daftari: majina kwa mwaka wa kumaliza, ada, mwenyekiti, mweka hazina. Kikao cha tatu hakikutimiza akidi. Kilichoturudisha ni mpira wa wavu, mchezo tulioupenda sote shuleni. Walikuja waliowahi kucheza, wakafuata watazamaji, kisha wapishi. (Kuruka wanaruka wajukuu, magoti yetu yamekwisha kustaafu.)

Wenzetu walioko Leicester hukutana wakati wa Navaratri. Sisi huku hukutana zaidi misibani. Hatulaumu. Kila mtu ahitaji nyumba ambamo haulizwi maana ya desturi zake. Lakini nyumba hizo zilitufanya tuogopeane milango.

Alipofariki mwenzetu mmoja, Mhindu, watoto wake wakiwa mbali, tulifika uwanja wa kuchomea maiti tukasimama kando. Hatukujua kama asiye Mhindu aruhusiwa kugusa jeneza, na aibu ilitufunga kinywa. Mzee mmoja wa hekalu hili akatujia, akatuuliza, “Nyinyi ndio mliosoma naye?” Tukaitikia. “Basi mnangoja nini? Shikeni.” Tukashika. Tulikuwa tumefahamiana miaka hamsini, na swali hilo dogo hatukuwahi kumwuliza akiwa hai.

Tangu siku hiyo, kabla ya mchezo tunakaa kitako na kuulizana: mambo ya ndoa, ya mfungo, ya kuzikana. Majibu mengine yanachekesha.

Wavu mpya umekwisha kununuliwa. Tumepungukiwa wachezaji wawili upande wa nyuma, na vijana wa hekalu tunawaona hapo mlangoni.