WATOTO WANAPOSEMEZANA

Masomo: Luka 7:31-35, Yakobo 3:5-6



Katika somo letu Bwana anatuonyesha watoto wameketi sokoni, wakiitana wao kwa wao. Kundi moja lilitaka mchezo wa arusi, wenzao wakakataa. Likajaribu mchezo wa kilio, wakakataa tena. Basi Yesu alikuwa akiwasikia watoto wakicheza. Sisi je, tunawasikia wetu?

Kwanza, watoto wanacheza yale wanayoyaona kwetu. Wale wa sokoni walijua arusi na kilio kwa sababu waliviona kwa wakubwa. Wetu nao, wakingoja bidoni zijae kwenye robine, mmoja anakuwa mama, mwingine papa, mwingine askari. Sikilizeni sauti ya yule "papa". Mara nyingi ni sauti yetu. Na mtoto akimwambia mwenzake, "Ninyi wakimbizi, rudini kwenu," neno hilo halikuzaliwa katika mchezo. Lilitoka nyumbani mwetu.

Pili, ugomvi wa watoto si ushuhuda. Leo wananyang'anyana mpira wa matambara, mmoja anapaza sauti: "Wewe mchawi!" Kesho wanagawana hindi moja, wamesahau. Lakini mtu mzima aliyesikia hakusahau. Siku mtu wa nyumba anapougua, neno la mchezo linageuka shitaka, na mtoto, zaidi yatima, anapigwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa alale barabarani. Angalieni mstari wa 33: watoto wa sokoni walilaumiana juu ya mchezo tu, watu wazima ndio waliosema kwamba Yohana ana pepo. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Nasi watumishi wa Mungu, tusitumie mimbari kuthibitisha neno lililosemwa kwa hasira ya mpira.

Tatu, tuwafundishe maneno ya kupatana. Mtoto wa miaka 4 angali anajifunza kungoja zamu yake. Anasukuma, anatukana, kwa sababu neno lingine hana. Tumpe hilo neno: "Ukimaliza, ni zamu yangu." "Nimekukosea, unisamehe." "Kuja, tucheze wote." Na akitukana, tusikimbilie fimbo. Tumwulize: "Neno hilo ulilisikia wapi?" Pengine jibu lake litatuhubiri sisi.

Wazazi, juma hili, kabla ya kulala, tumwulize kila mtoto wetu: "Leo ulicheza na nani? Na nani aliachwa pembeni?" Huyo aliyeachwa, kesho aitwe kwa jina lake, apewe nafasi katika mchezo.

Tuombe. Ee Baba, safisha vinywa vyetu, ili watoto wetu wasirithi matusi yetu. Linda kila mtoto aliyepewa jina baya. Katika jina la Yesu, amina.