Maji ya Korona na Joto la Bahari

Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tanga



Mmenitaka nizungumze juu ya hali ya bahari ya mwambao wetu, tangu Mkinga hadi Pangani. Nakubali, ila naomba ruhusa nianzie Korogwe, kwani nusu ya habari hii iko huko. Humu ukumbini wamo wakulima wa mkonge, wamo wavuvi, na wamo kina mama wa mwani. Wote ni wanaushirika, na wote hutegemea maji yale yale, wengine yakiwa bado mtoni na wengine yakiisha kuingia baharini.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, ukaoteshwa Kikogwe karibu na Pangani. Wenye korona wanajua hesabu yake: kilo 100 za majani hutoa nyuzi kilo nne hivi, au pungufu. Yote yaliyobaki ni utomvu na makapi, nayo huoshwa kwa maji mengi. Kwa miaka mingi maji hayo yaliachwa yateremke mtoni. Nimeulizwa mara nyingi, "Je, majani yana ubaya gani?" Ubaya ni kwamba yanapooza majini, vijidudu vinavyoyaozesha hutumia hewa ya oksijeni, ile ile aivutayo samaki. Utomvu wenyewe nao ni mkali. Kila aliyepata kukata mkonge anaujua kwa ngozi yake.

Sasa tushuke pwani. Wazee wa uvuvi hugawa mwaka kwa pepo, na mgawanyo wao ndio utakaotusaidia hapa. Mkondo wa bahari katika mwambao wetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo kinachotoka katika mlango wa mto Pangani huvutwa upande wa Tanga. Wakati wa kusi, pepo na mkondo husukuma pamoja: bahari huchafuka, maji hupoa, uchafu husambazwa upesi. Wakati wa kaskazi upepo huupinga mkondo, nao hupungua kasi. Maji hutulia, hupata joto, na kufikia mwezi wa Machi huwa ya moto kuliko wakati wote wa mwaka. Na maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Basi ndoo moja ya maji ya korona, ikimwagwa Julai na ikimwagwa Februari, madhara yake si sawa.

Iko pia miaka ambayo bahari ya upande wetu wa Afrika hupata joto kupita kawaida, na ile ya upande wa Indonesia ikapoa. Mvua za vuli hapo huja kwa nguvu nyingi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, tena 1997, tena 2019. Mito hufurika na kubeba tope na makapi yaliyorundikwa kandokando, na yote hufika baharini kaskazi ikianza, mkondo ukilegea. Baada ya mvua za 1997, joto la mwanzo wa 1998 lilipausha matumbawe ya mwambao wote wa Tanzania. Mafia iliumia kuliko Tanga. Tumbawe lililopauka huweza kupona, lakini likifunikwa na tope, na magugu ya bahari yakinenepeshwa na uchafu, kupona kwake ni kwa shida. Lisipopona, changu na tewa hawana makao.

Kina mama wa mwani hawahitaji hotuba yangu. Ule mwani mnene wenye bei nzuri, kotonii, hauvumilii maji ya moto ya kina kifupi. Huwa mweupe, hulainika na kukatika kambani. Wengi wamebaki na spinosamu, ambao ni mvumilivu, lakini bei yake ni ndogo. Joto hilo hatuwezi kulizuia kutoka Tanga. La korona twaweza.

Mwaka 2008, huko Hale, ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na masalio ya mkonge. Sisemi kila chama kijenge mtambo. Fedha hizo hatuna. Lakini mabwawa ya kutuliza maji huchimbwa kwa majembe, na makapi yaliyooza ni mbolea. Tena sheria ya mwaka 2009 ya rasilimali za maji yataka kibali cha kumwaga maji taka mtoni, na kwa mto wetu kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Katibu asiyekijua kibali cha chama chake na akiulize kesho.

Nina ombi moja kwa makatibu. Kila chama cha juu kiandike katika daftari siku korona ilipofanya kazi na maji yalikoelekezwa. Kila chama cha pwani kiandike upepo, bamvua au maji mafu, rangi ya maji, na hali ya mwani na madema. Daftari hizo zikilinganishwa, mkutano utaweza kuamua ni bwawa la nani lichimbwe kwanza. Kurasa za mwanzo zifike ofisini kabla ya vuli.