Mbuga Haiishii Mtoni



Tangu tarehe 5 Juni 2020, mgeni anayeingia mbuga ya taifa yoyote nchini Kenya haruhusiwi kubeba chupa ya plastiki ya kutumika mara moja. Agizo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni kwamba mwamko wa mazingira tumeugeuza kuwa adabu za ugenini tu: usitupe taka, usishuke garini, usiwapigie wanyama honi. Anayetimiza hayo hurudi nyumbani akiamini kwamba deni lake limekwisha.

Tazameni Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ilitangazwa mwaka 1946, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 117 hivi. Pande zinazopakana na jiji zimezungushiwa ua. Upande wa kusini, penye mto Mbagathi, ndio ulioachwa wazi, na uwazi huo ndio pumzi ya mbuga. Kiangazi, nyumbu na pundamilia huingia kufuata maji yasiyokauka. Mvua zikinyesha, huvuka kwenda nyanda za Athi-Kapiti, katika ardhi ya wafugaji wa Kimaasai, kwenye malisho mapya.

Ni nani anayeuziba upande huo? Mara nyingi ni sisi, watu wa mshahara na mkopo wa sako, tunaonunua ploti Kitengela na kuanza kwa kusimika nguzo na kuvuta seng'enge. Simlaumu mtu anayetafuta pa kulaza wanawe. Wala simlaumu mfugaji anayeuza ekari zake baada ya ukame kummalizia ng'ombe. Lakini ua umefuatana na ua, na nyumbu wa nyanda hizo wamepungua mno tangu miaka ya 1970. Inaniuma kwamba familia inaweza kulipa kiingilio Jumapili kutazama wanyama, na isiambiwe na yeyote kwamba boma lake limesimama njiani mwao.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wafugaji dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiuze ardhi, wasiilime wala wasiizungushie ua. Wazo lilikuwa jema kabisa. Ila fedha za wafadhili haziwezi kushindana na bei ya ploti, tena mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana napendekeza sehemu ya kiingilio, hata ikiwa ndogo, imfikie moja kwa moja mfugaji anayeiacha ardhi yake wazi, na risiti ya mgeni iseme hivyo. Ramani ya langoni nayo isikomee Mbagathi. Ichore nyanda zote hadi wanakozalia nyumbu. Mgeni atauliza kuna nini huko ng'ambo, na mwongozaji amjibu kabla hajanunua ploti.