KUCHEKESHA WATU SI KUWACHEKA

(Haya ni mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa vikundi vya maigizo vya vijijini. Tumeyachapa ili wasomaji wengine nao wafaidike.)



Leo tuzungumze habari za kicheko. Msione ni jambo dogo. Siku ya mkutano wa kijiji, ninyi wa maigizo ndio mnaoita watu. Ngoma inalia, watoto wanakimbia, wazee wanasogeza viti. Mchekeshaji anatoka na kofia yake iliyochanika, na watu wote wanamtazama. Hata Bwana Shamba hapati watazamaji wengi namna hiyo!

Mtu anayecheka anasikiliza. Lakini mtu aliyechekwa mbele ya majirani zake huondoka, na pengine harudi tena. Kwa hiyo lazima tujue tofauti ya kuchekesha watu na kuwacheka watu.

TUANZE NA UTANI

Hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Tunao utani wetu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miguu kutoka bara mpaka Pwani. Walibeba pembe za ndovu, na njia yao ilipita katika nchi ya Wazaramo. Wahehe na Wangoni nao ni watani, ingawa katika karne hiyo hiyo walipigana vita vikali. Waliokutana njiani na waliokutana vitani, wote wakaja kutaniana.

Sasa mtazameni mtani msibani. Anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea. Anazuia maiti isitoke mpaka apewe chochote. Waliokuwa wanalia wanacheka, na mfiwa hakasiriki. Kwa nini? Kwa sababu mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Ndiye anayechota maji na kupika. Watu wanajua yuko upande wao. Mtu mwingine asiye mtani akifanya hivyo, je, atatoka salama? Thubutu!

Hapo ndipo penye somo letu. Maneno ni yale yale, lakini msemaji si yule yule. Mchekeshaji akisimama mbele ya watu, kazi yake ya kwanza ni kuwa mtani wao.

Atakuwaje mtani wao? Njia rahisi ni kuanza na yeye mwenyewe. Kama una kitambi, anza na kitambi chako. Kama una deni la sabuni dukani, litaje kabla mwenye duka hajalitaja. Watu wakiona unajicheka mwenyewe, wanajua hukuja kuwadharau.

NANI ACHEKWE?

Tuseme mnaigiza habari za kisomo. Kikundi cha kwanza kinaonyesha mama asiyejua kusoma. Anatia dole gumba, wino unampaka mpaka puani. Watu wanacheka sana. Lakini pale kwenye nyasi amekaa mama ambaye jana tu ametia dole gumba. Alikuwa anafikiria kuanza darasa Jumatatu. Sasa haji. Kicheko cha dakika moja kimetupotezea mwanafunzi.

Kikundi cha pili kinaonyesha karani wa mizani asiye mwaminifu. Mzani unasema kilo 60, yeye anaandika 50. Mama anachukua risiti, anaisoma polepole: "Ha-m-si-ni." Karani anaanza kutoka jasho. Anasema, "Mama, jua kali. Pamba yako imekauka njiani, ikitoka kwenye mzani kwenda kwenye kitabu."

Hapo watu watacheka mpaka washike mbavu. Yule mama aliyekaa kwenye nyasi naye atacheka, tena atatamani kusoma risiti yake mwenyewe. Mnaona tofauti? Kikundi cha kwanza kimemcheka mnyonge. Cha pili kimeucheka udanganyifu. Ucheke uvivu, ucheke uchoyo, yacheke majivuno. Usicheke kilema, ugonjwa, ugumba wala umaskini wa mtu. Wahenga walisema: Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

NENO LA KUCHEKESHA LIKAE MWISHO

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Sikilizeni kichekesho hiki.

Mzee mmoja amepata barua kutoka kwa mwanawe aliye mjini. Hajui kusoma, anaipeleka kwa jirani. Jirani naye hajui, lakini anaona haya kusema. Anavaa miwani, anaishika barua juu chini, anakohoa. "Mwanao anakusalimu sana." Mzee anafurahi. "Anasema hajambo." Mzee anazidi kufurahi. "Na hela je, ametuma?" Jirani anaitazama barua, anaigeuza, anaitazama tena. Kisha anasema: "Hapo kwenye hela, wino umefutika."

Kichekesho hiki kina mambo matatu ya kujifunza. La kwanza, watazamaji wanaona barua imeshikwa juu chini, lakini mzee haoni. Mtazamaji akijua jambo ambalo aliye jukwaani halijui, hukaa akingoja litokee nini. La pili, neno la kuchekesha limekaa mwisho. Ukianza kwa kusema, "Nitawaambia habari za mtu aliyesema wino umefutika," umeshakula nyama, umewaachia mifupa. La tatu, anayechekwa ni jirani kwa sababu ya majivuno yake. Mzee aliuliza kwa unyofu, basi mwigizeni kwa heshima.

Na pale jirani anapoigeuza barua, asiharakishe. Anyamaze kidogo. Kunyamaza ni sehemu ya kichekesho. Watu wakicheka, ngoja kicheko kishuke ndipo useme neno linalofuata. Ukisema juu ya kicheko, neno lako limepotea.

MJUE MTAZAMAJI WAKO

Kabla ya onyesho, muulizeni mwenyekiti wa kijiji: Kuna msiba wiki hii? Kuna ugomvi wa mipaka ya mashamba? Tazameni pia waliokaa. Mtu akiwa amekaa karibu na mkwe wake, kuna maneno hawezi kuyacheka hata yakiwa matamu. Ataangalia chini. Si kwamba hana akili ya kuchekesha, ana adabu.

Mkiona watu wamenyamaza, msiwagombeze. Badilisheni. Ongeeni na mzee wa mbele, mwamkieni shikamoo, mwombeni ushauri. Wa nyuma nao wasikie, kwa hiyo toeni sauti, lakini msipige kelele.

WALIOTUTANGULIA

Wengi mnamkumbuka King Majuto wa Tanga, yaani Amri Athumani, aliyefariki Agosti 2018. Mara nyingi mtu wa kuchekwa katika michezo yake alikuwa yeye mwenyewe. Mzee mzima alikubali kuumbuka ili wengine wafurahi.

Kenya alikuwepo Mzee Ojwang, jina lake halisi Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Alikuwa Mkikuyu, lakini katika mchezo wa Vitimbi wa televisheni aliigiza mzee wa Kijaluo, pamoja na lafudhi yake. Kuiga kabila la mwenzako ni jambo la hatari, huweza kuwa matusi. Lakini yeye alipendwa na watu wa makabila mengi, hata wengi wakadhani ni Mjaluo kweli. Aliigiza mtu kamili, mwenye mke, hasira na matatizo ya nyumbani kama yetu. Hakuonyesha ulimi peke yake.

Ndugu zangu, mtani hucheka nawe, kisha hushika jembe. Na ninyi mkimaliza mchezo, msikimbilie kubadili nguo. Kaeni na watu. Yule mama wa dole gumba akija kuwauliza darasa linaanza saa ngapi, mjibuni vizuri, mkampeleke.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mfiwa hamkasirikii mtani wake?
2. Tajeni mambo matatu yanayofaa kuchekwa katika kijiji chenu, na matatu yasiyofaa.
3. Igizeni kichekesho cha barua. Jirani anyamaze wapi?