Kivungulio Kisichomngoja Mtu: Kujitengenezea Mfumo wa Kumwagilia Unaojiendesha

Mazungumzo kwa wakulima wa vivungulio, Matiliku



Ndani ya kivungulio mvua hainyeshi. Kila mtu anayejenga grinhausi analijua hilo, lakini wengi hulisahau siku ya kupanga kazi. Nyanya iliyo shambani inaweza kungoja mvua ya Novemba. Ile iliyo chini ya nailoni inamngoja mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mama wa nyumba, au mtoto anayemwagilia kwa mkebe kabla ya kwenda shule. Kukitokea matanga kijijini, au mgonjwa wa kupelekwa hospitalini, siku mbili hupita bila tone. Siku ya tatu mwenye kivungulio hurudi na huruma nyingi, akamwaga maji ya siku tatu kwa mpigo.

Hapo ndipo hasara huanzia. Tunda lililokuwa na kiu likinyweshwa ghafla hupasuka ngozi. Yale machanga huota doa jeusi kwenye kitako, na mkulima hukimbilia duka la dawa. Kuoza kitako hakuletwi na mdudu wala ukungu. Tunda limekosa kalisiamu, nayo kalisiamu hupanda ikiwa ndani ya maji. Maji yakija leo na kukosekana kesho, tunda hukosa hata kama udongo una kalisiamu ya kutosha. Pesa zinazotumika kununua dawa ya kuua ukungu hapo zimepotea. Tiba ni maji kidogo, kila siku, kwa saa ileile, na hiyo ni kazi ambayo chombo huifanya vizuri kuliko binadamu mwenye mambo kumi.

Umwagiliaji wa matone si mgeni nchini. Mwaka 1996 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya, iliyoitwa KARI wakati huo na ambayo sasa ni KALRO, ilianza kuwapa wakulima wadogo vifaa vya ndoo: ndoo ya lita 20 iliyotundikwa kimo cha mita moja, na mipira ya matone iliyotandazwa kwenye tuta la mboga. Vilipendwa sana. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wakulima wengi waliviacha, na miongoni mwa sababu ilikuwa ukosefu wa matunzo na maji yasiyotegemeka. Anayejenga mfumo wake leo afadhali aanze na sababu hizo mbili kabla ya kununua hata kipande cha bomba.

Kwanza maji. Chukua kivungulio cha mita 8 kwa 15 chenye miche 300 ya nyanya. Mche uliokomaa na kubeba matunda, wakati wa jua kali, unaweza kuhitaji lita moja na nusu kwa siku. Jumla ni lita 450. Kwa mitungi ya lita 20, hiyo ni safari 22 na zaidi, kila siku, kwa punda au kwa mgongo. Mkulima asiyejua maji hayo yatatoka wapi mwezi wa Agosti apande nusu ya kivungulio. Hakuna koki ya kujifungua itakayomwokoa.

Lakini paa lenyewe la kivungulio ni shamba la maji, na inashangaza ni wangapi huliacha limwage nje. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 15 lina mita za mraba 120, kwa hiyo mvua ya milimita 10 huangusha lita 1,200. Toa yanayoruka na kuvuja, zibaki kama 1,000. Hayo ni maji ya siku mbili za kiangazi kikali, au ya wiki nzima miche ikiwa michanga, kutoka kwa mvua ya alasiri moja. Mfereji wa bati pembeni mwa paa na tangi la kupokea vina thamani kuliko mota yoyote. Wale walio karibu na bwawa la mchanga wana bahati nyingine: maji yaliyohifadhiwa ndani ya mchanga hayakaushwi na jua kama ya wazi, na hufika yakiwa yamechujwa nusu.

Sasa mfumo wenyewe. Vipande vyake ni vichache: tangi la kumwagilia, jukwaa la kuliinua, koki ya mkono, chujio, koki inayojifungua kwa saa, bomba kuu, na mipira ya matone yenye tundu moja kwa kila mche. Tangi liwe jeusi au lipakwe rangi, kwa maana mwanga ukipenya maji huota utando wa kijani, na utando huo ndio huziba matundu. Pipa lililobeba dawa au kemikali lisitumike kabisa, hata likioshwa. Jukwaa lisijengwe kwa vijiti vilivyobaki. Tangi la lita 500 likijaa lina kilo 500 za maji, uzito wa fahali mkubwa, na watoto hupenda kucheza kwenye kivuli chake.

Mipira ilazwe matundu yakitazama juu, ili tope litulie chini. Kila mstari usizidi mita 15 maji yanapoteremka kwa uzito wake tu. Mwisho wa mpira usizibwe kwa gundi. Ukunjwe na kufungwa kwa kipande cha bomba kinachovulika, kwa sababu utafunguliwa mara nyingi.

Kuna hesabu inayowaponza wengi. Matone mengi yanayouzwa madukani hupimwa kiwandani kwa nguvu ya maji yaliyoinuliwa mita 10. Tundu likiandikwa lita moja kwa saa, ni kwa nguvu hiyo. Tangi la Matiliku limeinuliwa mita moja. Nguvu imepungua mara kumi, na tundu la kawaida sasa hutoa karibu theluthi tu, yaani lita 0.3 kwa saa. Matundu 300 hutoa lita 90 kwa saa, na lita 450 zitahitaji saa tano. Aliyesikia kwa jirani mwenye pampu kwamba nusu saa inatosha, akaweka nusu saa, atakuta nyanya zimenyauka na kusema matone hayafai. Tangi likiinuliwa mita mbili, lita kwa saa hupanda hadi kama 135, na kazi huisha kwa saa tatu na dakika ishirini hivi. Muda mrefu si kasoro. Udongo hunywa taratibu na maji hayatiririki njiani. Afadhali ugawanywe mara mbili, alfajiri na alasiri kabla ya baridi.

Hesabu hiyo ni ya karatasi. Ya kweli hupimwa kwa vikombe. Fukia vikombe vya plastiki chini ya matundu kadhaa, mwanzo wa mstari, katikati na mwisho, fungua maji kwa saa moja, kisha pima kila kikombe kwa bomba la sindano la duka la dawa. Kikombe cha mwisho kikiwa na maji pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mstari ni mrefu mno, au umelala mlimani, au chujio limejaa.

Kwenye kununua koki ya saa, pesa nyingi huenda bure. Zipo za aina mbili, na zikiwa kwenye sanduku zinafanana. Ya kwanza hufungua kwa sumaku na kiwambo cha mpira. Kiwambo hicho husukumwa na nguvu ya maji yenyewe, na kwa kawaida huhitaji maji yaliyoinuliwa mita tano au zaidi. Ikifungwa chini ya tangi la mita moja huenda isifunguke vizuri, au ikifunguka isijifunge. Ya pili ina gololi yenye tundu inayozungushwa na mota ndogo ya betri. Hii hufanya kazi hata maji yakiwa hayana nguvu yoyote. Mwenye tangi la jukwaani anataka hii ya pili, na amwulize muuzaji swali moja tu: je, inafanya kazi bila presha? Muuzaji akibabaika, aende duka la pili.

Mota ikikwama wazi usiku, je? Au betri ikiisha koki ikiwa haijafungwa? Jibu lipo kwenye mpangilio wa matangi. Tangi la kumwagilia lisiunganishwe moja kwa moja na tangi kubwa la akiba. Lijazwe kila jioni kwa koki ya mkono, kwa kiasi cha siku moja na si zaidi. Hapo kitu kikiharibika, kinachopotea ni maji ya siku moja. Mfumo uliounganishwa na tangi la lita 10,000 unaweza kuendelea kumwaga akiba usiku kucha, na mizizi ikazama. Ni kweli kwamba mpangilio huu unamrudisha mtu kwenye kazi, dakika tano za jioni. Hizo dakika tano ndizo pia zinazomfanya aingie kivungulioni na kuona jani lililoanza kujikunja. Anayesafiri siku mbili anaweza kuweka tangi la pili la siku hizo pekee, na boya kama la tangi la choo lidhibiti maji yanayoteremka.

Vijana wenye ujuzi wa umeme hupenda kuongeza vipima unyevu vinavyoamua vyenyewe lini koki ifunguke. Ni kazi nzuri ya kujifunzia. Ila vile vya bei ya chini vyenye meno mawili ya chuma yaliyo wazi huliwa na kutu udongoni kwa muda mfupi, kisha hudanganya, na kipimo kinachodanganya ni kibaya kuliko kukosa kipimo. Aina iliyofunikwa, isiyogusa udongo kwa chuma, hudumu zaidi. Hata hivyo saa ibaki kama mpaka: kipimo kiruhusiwe kuzuia maji, kisiruhusiwe kuyaongeza kupita kiasi cha siku.

Asiye na pesa za koki ana mtungi. Mtungi wa udongo uliochomwa bila kupakwa rangi, ukizikwa hadi shingoni na kujazwa maji, huvujisha kadiri udongo unavyouvuta. Udongo ukikauka maji hutoka, ukilowa hupungua yenyewe. Wachina waliandika juu ya kilimo hiki cha mitungi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakimwagilia matikiti, na Ukambani hakuna uhaba wa wafinyanzi. Kwa miche 300 mitungi ingekuwa mingi mno, lakini kwa kitalu au tuta moja la pilipili hoho ni mfumo unaojiendesha usio na betri hata moja. Ufunikwe, mbu wasizaliane.

Limebaki suala la chumvi. Visima vingi vya Makueni vina maji ya chumvi, na ndani ya kivungulio hakuna mvua ya kuisukuma chini. Inabaki pale pale, msimu baada ya msimu, hadi udongo unaota weupe juu na matundu yanavaa ganda jeupe. Mwenye kisima apeleke maji yapimwe kabla ya kujenga, si baada. Mwenye maji ya mvua na ya kisima ayachanganye. Chujio lioshwe kila wiki, na ncha za mipira zifunguliwe zote kila wiki mbili, maji yakimbie hadi yatoke meupe. Baada ya mavuno, kabla ya kupanda tena, paa la nailoni likunjwe siku mvua kubwa inaponyesha, ikiwa limefungwa kwa namna ya kufunguka, udongo uoshwe na mvua yenyewe. Anayejenga sasa amwambie fundi mapema, kwa sababu nailoni iliyopigiliwa misumari haikunjwi.