Kompyuta Ndani ya Gari: Baridi ya Ughaibuni, Joto na Chumvi ya Munje

Mada kwa semina ya madereva na mafundi wa magari, Munje, Kaunti ya Kwale

1. Utangulizi



Mbali na kompyuta ambayo gari hutoka nayo kiwandani, siku hizi tunafunga spidi gavana, kifaa cha kufuatilia gari, kamera, na tableti au simu ya ramani pale kwenye dashibodi. Ushauri mwingi wa kuvitunza vifaa hivi umeandikwa na watu wa nchi za theluji. Hoja yangu ni kwamba ushauri huo tusiufuate kama ulivyo, wala tusiutupe. Tuuchambue, kwani maji na umeme hafifu huua kompyuta kwa njia ile ile, iwe kwao au kwetu.

2. Baridi inavyoharibu

Mjini Winnipeg, Kanada, usiku wa Januari baridi huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Oili ya injini huwa nzito, na papo hapo betri ya gari huwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Dereva akipiga stata, volti 12 huanguka hadi 9 au chini yake, na kompyuta hujizima kisha ikaanza upya. Skrini nayo huchelewa kubadilisha picha. Betri ya lithiamu ikichajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri, metali ya lithiamu hujikusanya ndani yake na uharibifu huo haurekebishiki. Ndiyo maana huko injini hupashwa moto kwa umeme usiku kucha, na vifaa vidogo huingizwa nyumbani.

3. Joto na chumvi ya kwetu

Gari likiachwa juani vioo vimefungwa, joto la ndani hupanda kwa nyuzi 20 hivi kwa saa moja, na dashibodi yenyewe huweza kupita nyuzi 70. Kuna simu ambazo watengenezaji wake wanashauri zisitumiwe joto likizidi nyuzi 35. Betri ya gari nayo huzeeka haraka: kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Kwao, betri iliyochoka huumbuliwa na asubuhi moja ya baridi. Kwetu huendelea kuwasha gari huku ikizimazima vifaa, na lawama zote humwangukia aliyevifunga.

Kisha kuna chumvi. Chomoa soketi ya kifaa kilichokaa mwaka mzima kwenye gari linaloegeshwa karibu na ufuo, uitazame mwangani: pini za shaba zimeota unga wa kijani. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi iliyotua pale huyeyuka yenyewe bila tone la mvua, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Usiku wa pwani hufika kiwango hicho mara nyingi, na upepo wa kusi huleta chumvi zaidi.

4. Umande

Anayetoka kwenye theluji na kompyuta baridi akaingia nyumba yenye joto huikuta imelowa. Sisi tunalipata jambo hilo kwa kupitia eyakondisheni. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huacha umande juu ya kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 25. Tableti iliyokuwa mbele ya tundu la hewa baridi, mlango ukifunguliwa Ukunda saa saba mchana, huanza kutoa jasho, ndani na nje.

5. Mapendekezo

(a) Kifaa kisifungwe juu ya dashibodi wala mbele ya tundu la hewa baridi. Chini ya dashibodi, kwenye kivuli, panatosha.
(b) Tableti iliyopoa ifungwe ndani ya mfuko kabla ya kutolewa garini, na isifunguliwe mpaka ipate joto la nje.
(c) Soketi zisafishwe, zikaushwe, kisha zipakwe grisi ya silikoni kabla ya msimu wa kusi.
(d) Waya wa kifaa uwe na fyuzi yake, na kifaa kiwashwe baada ya injini kunguruma.
(e) Kabla ya kutangaza kifaa kibovu, fundi apime volti za betri wakati stata inapigwa. Zikishuka chini ya 9.6, aanze na betri na vichwa vyake. Kipimo hicho ni cha dakika moja, na humwepusha mteja na gharama ya kununua kifaa kipya bure.